Jurawa na Moto wa Mwilini

Paukwa, wakubwa kwa wadogo!

— Pakawa!

Zamani sana, kando ya shamba la mtama, waliishi ndege wawili majirani, Jurawa na Tetere.

Mwaka huo mvua ilinyesha vizuri, wadudu wakajaa tele. Jurawa akaangua makinda. Yalipoanza tu kuruka, akataga tena. Ruka, leta, lisha! Ruka, leta, lisha! Tetere alilea makinda yake mawili, yakaondoka, naye akapumzika. Akala, akaota jua, akabadilisha manyoya.

Siku moja ndege wote walikuwa kisimani. Jurawa akamwuliza Tetere, kwa sauti ya kusikika, kama tumbo lake limestaafu. Ndege wakacheka, kwa-kwa-kwa. Tetere akainamisha kichwa.

"Kulea kunawasha moto mwilini," akasema. "Wangu nauacha upoe kwanza."

Jurawa akaenda zake, akataga mara ya tatu.

Lo! Moto ukawaka. Manyoya yake hayakupata nafasi ya kubadilika. Yakapauka, yakachakaa. Mabawa yaliyokuwa yakivuma puru! puru! sasa yalisema pu... pu... Mwili ulimwomba apumzike. Angepumzikaje, na Tetere anamwona?

Asubuhi moja alikuwa akirudi na panzi mdomoni. Mabawa yakagoma. Akaanguka chini ya mti wenye kiota chake, pu! Akajaribu kuruka, akashindwa. Juu makinda yakalia, chi! chi! chi! Akalala nyasini akiyasikia. Jua likapanda. Sauti moja ikanyamaza.

Ndipo Tetere akatua kwenye kiota. Akayalisha makinda ya mwenziwe. Jurawa aliona vile vinywa vikimfungukia Tetere, akatamani ardhi ipasuke immeze. Akafumba macho, akajifanya amelala.

Tetere akashuka, akamwekea punje za mtama.

"Yule mdogo wao amekufa," akasema. "Wengine wameshiba."

Jurawa hakuweza kumtazama usoni.

"Dada, safari hii sikutaga kwa kutaka watoto," akasema. "Nilitaga ili wewe uonekane si kitu."

 Tetere akamsogezea mtama karibu zaidi.

"Kula," akasema. "Wanao wanakuita."

Jurawa akala, macho chini.

Basi, jamani, mwili una kiasi chake. Ukiumaliza kwa kushindana na jirani, watakaoumia ni wanao.

Ngano yangu imekomea hapo.