Sikujua na Ukoko Mnene

Wekeni hiyo sufuria chini, mkae. Kila wali ukipikwa nyumba hii lazima mpigane kwa ajili ya ukoko, na wala vita hii hamkuianzisha nyinyi.

Zamani milima yote ilikuwa na pumzi moja. Mama yao, Kina, alikaa chini kabisa ya ardhi akipika uji wa mawe katika chungu kimoja, na mvuke ukapanda sawasawa kwa mabinti zake wawili, Sikujua mkubwa na Faida mdogo. Siku moja moto ulipungua, uji ukashika ukoko juu. Upande mmoja mwembamba kama chapati. Upande wa pili mnene, umegandamana na makombe ya bahari na chokaa. Kina hakuwahi hata kushika mwiko agawe.

"Mnene wangu," Sikujua akasema. "Mimi ndiye mkubwa."

"Mwanangu, ule una makombe ndani."

"Kila siku unampendelea huyu. Leo hapana."

Maneno hayo Kina alikuwa akiyasikia tangu Faida anatambaa. Akachoka. "Haya, ukalie."

Sikujua akaukalia, akawa mlima mpana; Faida akabaki na ule mwembamba. Watu wakahamia kwake na mbuzi wao, naye hakupenda kitu kuliko kusikia watoto wakicheza mapajani mwake. Kwa Faida moshi ulitoka moja kwa moja, unanuka kiberiti, na wageni walikuwa wachache.

Lakini mvuke wa Sikujua ulikuwa na safari ndefu. Ulipopenya ule ukoko uliunguza makombe na chokaa, ukabeba pumzi yao nzito. Ikatoka haina rangi, haina harufu, ikajilaza mabondeni kama maji. Asubuhi moja mbuzi saba wakakutwa wamelala, hawaamki. Watu wakaanza kufunga mizigo.

"Mama, umenipikia sumu," Sikujua akalia. "Faida umempikia chakula."

Kina akaja na mwiko unachuruzika uji. "Onja wa kwako. Haya, onja na wa mwenzio."

Ladha ilikuwa ileile.

"Chungu ni kimoja. Nimesema mpaka ulimi umeota sugu. Kinachokuharibia ni hicho ulichokikalia."

"Basi tubadilishane."

"Umeshaota mizizi. Nikung'oe na nini?"

"Sikujua, mama."

"Ndiyo maana nilikuita hivyo."

Hata hivyo, mama ni mama. Kina akawafundisha wale watu kushika kijinga cha moto usawa wa goti wanaposhuka bondeni, kikizimika, warudi. Wengine wakafungua mizigo.

Na tangu siku hiyo chungu ni kilekile, ila kila mlima hupumua ukoko wake. Kwa Faida pua inakufukuza mapema. Kwa Sikujua watu hujenga juu mgongoni, na hakuna anayemlaza mtoto mapajani mwake. Huo ndio ukubwa wake uliobaki.

Na ndiyo maana kwetu anayegawa ukoko ni aliyepika. Leteni sahani. Wewe uliyedai ni mkubwa, utakuwa wa mwisho.