Mashine Yenye Kiu

Wewe, ushawahi kuona mashine ya kufua ikinywa maji mchana kutwa bila kushiba? Mzee Gichangi aliiona.

Alikuwa landlord, anakaa orofa ya juu, na alikuwa amewafungia wapangaji mabomba kwa sababu tanki ni lake. Siku mashine yake mpya ilipofika, alimwita Mbuche wa vyumba vya chini.

"Una digirii ya uinjinia na huna job. Nifungie hii bure, ama uhame leo."

"Experience nayo ni mshahara, mzee, au sio?"

Mbuche akaunganisha paipu ya kuingiza maji, ile ya kutoa akaipitisha dirishani, akawasha.

"Usitie nguo wala sabuni kwanza."

Baada ya saa nzima Gichangi akapiga kelele dirishani. "Wee msichana! Maji yanaingia lakini haijai!"

"Ina kiu, mzee! Imetoka majuu, huko ng'ambo, ndani ya kontena. Ukiizima sasa, mota itaungua, na warranty kwaheri!"

Gichangi akavuta kiti, akailinda asije mtu akaizima. Jioni tanki likakauka. Akashuka mbio, akakuta madumu ya wapangaji yamejaa pomoni, na mdomo wa paipu umo ndani ya pipa la Mbuche.

"Paipu ya kutoa ikishushwa chini hivi, mzee, maji hayakai kwa mashine. Yanatukimbilia sisi."

"Hayo ni maji yangu!"

"Basi leta ndoo tukugawie. Lakini kwanza tufungulie mabomba yetu. Leo leo!"