Maziwa ya Ng'ombe wa Amana

Ukikama ng'ombe wa amana, usiuze mbuzi wako. Mmemsikia mjomba wenu akisema hivyo, mkauliza maana yake. Sogeeni, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Katika kijiji cha Mlangwa, huko Ugogo, mvua zilinyesha vizuri miaka mfululizo. Matajiri wa mbali wakaleta ng'ombe wao wafugwe huko. Desturi ilijulikana: mfugaji hunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama ni wa mwenyewe, naye huwachukua siku apendayo.

Sechelela alifuga ng'ombe wa Mzee Mhembano. Alikuwa akimlea mjukuu wake, Ndahani, ambaye mama yake alifariki akimzaa. Mtoto alinenepa kwa maziwa yale. Sechelela akaona mbuzi wanamsumbua bure, akawauza wote akaezeka bati. Kijiji kizima kilifanya hivyo, isipokuwa mjane Mbeleje.

"Wee Mbeleje," walimcheka, "bado unakama kikombe, wenzio tunakama ndoo?"

Kisha ikavuma kwamba ng'ambo ya mlima ng'ombe amekufa kwa sotoka, ule ugonjwa unaofyeka mazizi. Tajiri mmoja akaja kuchukua wake. Wengine wakafuata mbio, Mzee Mhembano akiwa wa mwisho.

"Baba, hawa wazima," Sechelela alimwambia. "Watazame mwenyewe."

"Naona, mwanangu, wazima kabisa. Lakini wenzangu wameshaswaga wao. Nikichelewa, huko mbele nitakuta malisho yameliwa."

"Basi niachie mmoja tu, wa mtoto."

Mzee alimtazama Ndahani, akakohoa. "Nikikuachia wewe, wengine nitawaambiaje?"

Jioni ile mazizi yote yalikuwa matupu. Sechelela akang'oa bati auze, apate mbuzi. Lakini kila nyumba ilikuwa inauza bati, na mbuzi hakuna.

Mbeleje akawa anakuja alfajiri na kibuyu. Maziwa aliwagawia watoto wachanga wa jirani, yeye akanywa uji mtupu. Hakumkumbusha mtu kicheko chake. Kiangazi kikakaza, mbuzi wake nao wakakauka. Ndahani hakuiona masika.

Mvua iliponyesha, Mzee Mhembano akarudi na ng'ombe wale wale, wamenona. Sotoka haikuwahi kufika Mlangwa. Sechelela akafungua zizi, maana watu walikuwa na njaa. Mzee akaona kitoto cha mbuzi kimefungwa mlangoni, zawadi ya Mbeleje.

"Na huyu wa nini, mwanangu, na maziwa yote haya?"

Sechelela aliendelea kukama, hakuinua uso.

"Ukikama ng'ombe wa amana, baba, usiuze mbuzi wako."