Mji Uliopiga Neno Marufuku

Paukwa!

Pakawa!

Na aliyesinzia?

Aamke, ama kesho asimuliwe vibaya na mwenzake.

Basi sogeeni. Aliyekaa upande wa moshi asinilaumu, alichagua mwenyewe.

Hapo zamani za kale, zama zile watu na wanyama walipokuwa wakigombana kwa lugha moja, palikuwa na mji ukiitwa Pembejani. Mji ulizungushiwa ua wa miiba, na ua ulikuwa na lango moja. Mlinzi wa lango alikuwa mjane mmoja, Bi Mashavu, mwanamke wa maneno machache na kiburi cha kutosha. Kazi yake haikuwa ngumu kueleza. Mgeni akifika, analigeuzia lango mgongo, asije akachungulia mambo ya ndani, kisha anapiga hodi mara tatu. Bi Mashavu anamtazama, anamjibu karibu, mgeni anageuka, anaingia. Ndiyo desturi ilivyokuwa.

Lango hilo lilikuwa na komeo la mpingo, na siku moja komeo likavunjika. Wakalifunga lango kwa kamba ya ukindu, wakapangiana zamu ya kulitengeneza. Zamu ya kwanza ilikuwa ya Jogoo, mwenyekiti wa baraza, naye wiki hiyo alikuwa na hotuba. Zamu ya pili ilikuwa ya Beberu, naye alikuwa na mafua. Zamu ya tatu ilikuwa ya watu wa mtaa wa kisimani, nao wakauliza, mbona hao wawili hawakutengeneza?

Kamba ikabaki.

Ndipo asubuhi moja, jua limeshachangamka, Chui akaja. Hakupiga hodi. Alilisukuma lango kwa bega, kamba ikakatika, akaenda moja kwa moja kisimani, kwenye foleni ya maji. Aliua tisa. Hakula hata mmoja. Hakuja kutafuta kitoweo. Alitaka aogopwe, basi. Mmoja wa wale tisa alikuwa mtoto wa Mama Punda, aliyetumwa maji siku ile kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Na Bi Mashavu? Bi Mashavu hakuwepo langoni. Alikuwa nyumba ya tatu, kwa shoga yake Siwema, anasukwa nywele. Aliposikia mayowe alitoka mbio, upande mmoja wa kichwa umesukwa, upande wa pili umesimama kama manyoya ya kuku aliyefukuzwa.

Kesho yake barazani akaulizwa: ilikuwaje?

Bi Mashavu aliwatazama. Alimwona Mama Punda, macho makavu, amesimama nyuma kabisa. Ulimi wake ukamtangulia.

"Alipiga hodi," akasema. "Alikuwa amejifunika ngozi ya mbuzi, na sauti yake ya adabu. Nikamwambia karibu. Ningejuaje?"

Watu wakalia. Walimhurumia, wakasema moyo wake mwema ndio uliomponza. Uongo ule, nawaambieni, ulimkaa kila mtu kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Kwani kama Chui aliingia kwa neno, basi hakuingia kwa komeo bovu, na kama hakuingia kwa komeo bovu, hakuna haja ya kuulizana zamu ilikuwa ya nani.

Jogoo akapanda juu ya kinu. "Ndugu wananchi, chanzo kimepatikana. Chanzo ni neno. Kuanzia leo, neno lile ni marufuku."

Wakapiga marufuku neno. Komeo hawakuligusa. Walileta kamba mpya.

Sasa jaribuni wenyewe kuishi bila neno karibu, muone. Mtu akikukuta unakula, unamtazama tu, naye anakutazama, ugali unapoa. Ndugu wa karibu wakawa ndugu wasio mbali. Kisima kikawa hakiko mbali, Ramadhani ikawa haiko mbali, na bibi mmoja aliyesema wali uko karibu kuiva alitozwa kuni mizigo miwili. Harusi zikafungwa bila wageni. Pembejani ukawa mji salama sana na mchovu sana.

Miezi sita ikapita. Ndipo siku moja, baada ya adhuhuri, ikasikika sauti langoni:

"Hodi. Hodi. Hodi, wenye mji."

Bi Mashavu akachungulia kwenye tundu. Aliona migongo. Migongo zaidi ya ishirini, imepangwa kwa adabu: watu na mafurushi yao, digidigi wawili wazee wanaoegemeana, na mbele kabisa Mama Ngiri, wanawe wawili wameshikilia mkia wake.

"Tumetoka Mavumoni," alisema Mama Ngiri, bila kugeuka. "Chui amekuja kwetu na ndugu zake wanne. Tuliobaki ndio sisi. Tunaomba mahali."

Kinywa cha Bi Mashavu kilifunguka. Kikafungika. Akaenda kumwita mwenyekiti.

Baraza zima lilikuja kunusia kwenye miiba. Beberu alinusa kuliko wote, maana mafua yalikuwa yamepona.

"Wananuka chui," akasema.

"Si wamemkimbia?" akauliza Siwema.

"Wamemkimbia, wametumwa naye, nitajuaje mimi? Nanusa chui, nasema chui. Na huyo mama ana pembe mdomoni. Mtu mwema ana haja gani ya pembe mdomoni?"

"Zako ziko wapi, Beberu?"

"Kichwani, mahali pake."

Jogoo akakohoa. "Tutaunda kamati."

Kamati ikaundwa. Wageni wakabaki nje, juani.

Siku ya pili sauti ikaja tena: "Hodi. Hodi. Hodi, wenye mji." Hakuna aliyejibu. Ndipo Mama Ngiri akapaza sauti juu ya miiba ili mji mzima usikie:

"Jamani, Chui yuko karibu!"

Mji ulitetemeka. Kina mama waliwaziba watoto masikio. Siwema aliangusha ungo. Kamati ikakutana papo hapo na kuandika: *Mgeni ametamka lile neno hadharani, tena kwa sauti kubwa, tena mbele ya watoto.* Wakalijadili mpaka magharibi. Kuhusu Chui hakuna aliyeuliza.

Siku ya tatu kamati ikatoa uamuzi. Alasiri ile ile vitachomwa vikapu vitatu vya pilipili upande wa upepo, moshi uwaondoe wageni. Bi Mashavu, kama mlinzi wa lango, ndiye atakayewasha.

Akarudi langoni na vikapu vyake. Akaviweka chini. Nje ya miiba mtoto wa ngiri alikuwa akimuuliza mama yake kama mji huu una watu kweli.

"Bibi," akaita Mama Ngiri, "nakusikia unapumua. Mbona hamjibu?"

"Jibu limekatazwa."

"Limekatazwa? Ni tusi?"

"Ni zaidi ya tusi."

Mama Ngiri akafikiri. "Nilidhani mna uziwi. Nikawaonea huruma."

Bi Mashavu nusura acheke. Akajizuia, kwa sababu ya vikapu.

"Halafu," akaendelea Mama Ngiri, "hiyo kamba yenu ni mbovu. Jana upepo uliikata, lango likafunguka lote. Tulimwona mtu anaoga. Nikalirudisha, nikalifunga kwa mshipi wa furushi langu. Mtanirudishia mkipata kamba."

Bi Mashavu akatazama. Kweli. Palikuwa na mshipi mwekundu, umefungwa fundo zuri kwa nje.

"Lango lilikuwa wazi," akasema polepole.

"Wazi kabisa."

"Na Chui yuko nyuma yenu."

"Siku moja nyuma. Labda pungufu."

"Mkakaa nje."

"Hatujaambiwa tuingie, bibi," akasema Mama Ngiri, kama anayemweleza mtoto jambo la wazi. "Kwetu mtu haingii mpaka aambiwe. Kwenu sivyo?"

Bi Mashavu aliketi chini kwenye vumbi, mahali ambapo asubuhi ile ya Chui alitakiwa awe ameketi. Aliona mambo mawili kwa pamoja. Akinyamaza, atabaki yule mwema aliyeponzwa na moyo wake, na hawa watarudi njiani kukutana na Chui. Akisema, hawa watapona, na yeye hatakuwa na uso wa kutazama mtu Pembejani, na zaidi ya wote Mama Punda. Ilimchukua muda. Tusimsifu kupita kiasi. Ilimchukua muda mrefu.

Alasiri mji ulikusanyika, pua zimefungwa vitambaa.

"Washa," akasema Jogoo.

"Siwashi."

"Bi Mashavu, hukumu imepita."

"Hukumu imejengwa juu ya uongo, na uongo ni wangu." Alizungumza akimtazama Mama Punda, maana wengine wangeweza kusubiri. "Chui hakupiga hodi. Mimi sikumwambia karibu. Sikuwepo. Nilikuwa kwa Siwema nasukwa nywele. Alisukuma lango kwa bega, na lango likampisha, kwa sababu lilikuwa limefungwa kwa kamba."

Siwema akatazama chini. "Ni kweli. Kichana kilikuwa mkononi mwangu."

"Huu si wakati wa kuleta habari za kamba," akasema Jogoo, na sauti yake ilipanda juu kuliko kawaida yake. "Suala la komeo lipo kwenye ajenda."

"Lipo tangu zamu yako, mwenyekiti. Tumeunyang'anya mji mzima neno ili mimi nisiulizwe nilikuwa wapi na wewe usiulizwe komeo liko wapi. Hawa walilikuta lango wazi jana. Wakalifunga. Tazama fundo lile. Chui gani huyo anayekufungia mlango?"

Beberu akafungua kinywa. "Lakini wananuka—"

"Wewe mwenyewe ulinuka chui mwezi mzima baada ya kumkimbia siku ile," akasema Bi Mashavu. "Hakuna aliyekutoa nje."

Watu wote wakageuka kumtazama Mama Punda, kwa maana wenye msiba mkubwa hupewa neno hata wasipolitaka. Mama Punda akaja mbele, hatua kwa hatua, mpaka akasimama pua kwa pua na Bi Mashavu.

"Nilijua," akasema. "Nilikuona siku ile unakimbia, nusu ya kichwa imesimama. Miezi sita nakusubiri uniambie."

"Nilikuogopa."

"Ulikuwa na haki. Bado uniogope." Akapumua. "Mimi na wewe tuna mazungumzo, wala si ya leo. Leo jibu hodi ya watu."

Bi Mashavu akaligeukia lango. Neno lilikuwa limekaa miezi sita bila kazi. Lilitoka likiwa na kutu, lakini lilitoka.

"Karibuni," akasema. Halafu, kwa kuwa halikumuua, akarudia. "Karibuni ndani. Karibuni nyote."

Migongo ikageuka. Mama Punda ndiye aliyefungua fundo, kwa meno, pua ameipenyeza kwenye upenyo wa lango.

Waliingia, na wa mwisho kuingia, digidigi wale wazee, waliomba radhi kwa kuchelewa. Jua lilipozama komeo jipya lilikuwa tayari. Miongoni mwa watu wa Mavumoni alikuwemo seremala, Jogoo akatakiwa ashike gogo huku likichongwa, akalishika, na kwa mara ya kwanza watu walimwona mwenyekiti akitoka jasho. Asubuhi Chui akaja na ndugu zake. Alisukuma kwa bega. Lango halikusogea. Alisukuma tena, akasikia ndani sauti za miji miwili zikimtukana kwa pamoja, na matusi ya Mavumoni yalikuwa mapya hata kwa watu wa Pembejani. Chui amezoea kuogopwa na mmoja mmoja. Akasimama kidogo, akaondoka na ndugu zake, na lau ningejua walikokwenda ningewaambieni.

Sisemi kila kitu kikawa asali. Beberu aliendelea kunusa watu mpaka wakamzoea. Watu wa Mavumoni walitia nazi kwenye kila kitu, jambo lililoleta ugomvi wa mwaka mzima. Bi Mashavu alivuliwa ulinzi, akapewa kazi ya kufagia uwanja, na kuna nyumba ambazo hazikumwamkia. Mazungumzo yake na Mama Punda yalifanyika, milango imefungwa. Yaliyosemwa ni yao wenyewe. Alitoka mle macho yamevimba, lakini alitoka amesimama.

Ila siku moja asubuhi, akifagia, aliona kitu kikimjia kutoka kisimani. Alikuwa Mama Punda na mitungi miwili ubavuni, na juu ya mgongo wake, baina ya mitungi, wamekaa wale watoto wawili wa ngiri, miguu inaning'inia, wanabishana nani amekaa mbele. Mama Punda alikuwa akienda taratibu, kwa namna anavyotembea mtu aliyebeba kitu kinachoweza kudondoka.

"Hebu tuliza huo ufagio," akamwambia Bi Mashavu akipita. "Unatutia vumbi."

Hadithi yangu imeishia hapo, na sauti yangu nayo. Anayeitaka ndefu zaidi, akairefushe kwake.