Mbega Aliyekataa Kusubiri

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa huko nyuma, hamjala leo? Itikieni watu wasikie. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na Mbega. Nywele zake nyeupe zilimshuka toka mabegani mpaka kiunoni. Akajaliwa mtoto, akamwita Sudi. Mtoto wa mbega habebwi kwa kanga, jamani. Anazishika nywele za mama yake, na mama anaruka mti kwa mti, mikono yote kazini.

Sudi alipofika miezi mitatu, nywele za mama zikaanza kunyonyoka. Akijikuna, zinatoka. Akijinyoosha, zinatoka. Upepo ukipita, zinatoka. Mbega akalia, akamwendea Nyani, mkunga aliyemzalisha.

Nyani akamkagua ngozi. "Huna choa, huna kidonda. Ni uzazi tu huo, mwanangu. Kula ushibe, usizivute, usizipake kitu. Zitarudi kabla mwaka haujaisha."

"Mwaka, bibi! Na harusi ya wifi yangu je? Wataniita kipara!"

"Waache waite. Muhimu mtoto ana pa kushika."

Mbega akasonya. Akashuka chini kwa Fisi, msusi. Mtaniuliza, tangu lini fisi akawa msusi? Hata mimi nashangaa. Mbega hakushangaa.

Fisi akamsuka, akakaza mpaka macho yakamtoka. "Unaniumiza!"

"Ukitaka uzuri, sharti udhurike, shoga."

Nywele zikang'oka. Mbega akarudi. Fisi akampaka magadi, ngozi ikababuka. "Naungua!"

"Ukitaka uzuri, sharti udhurike, shoga."

Akarudi tena! Kichwa maji huyu. Fisi akazinyoosha zilizobaki kwa jiwe la moto, zikakatika zote.

"Ukitaka uzuri..." Aa, malizieni wenyewe, mimi nachoka.

Siku ya harusi Mbega akajifunga majani mgongoni, akaondoka na mwanawe. Akafika penye matawi yaliyoachana.

"Shika, mwanangu!"

"Nishike wapi, mama?"

"Shika tu, tunachelewa!"

Akaruka. Sudi akashika majani, majani yakakatika. Chini alikuwa amekaa Fisi, tangu alfajiri, anangoja.

Mbega alipiga yowe mpaka ngoma za harusi zikanyamaza. "Sudi wangu! Nimekuua mimi, kwa mikono yangu!" Fisi alishaondoka, ameshiba.

Kabla mwaka haujaisha, nywele zikarudi. Penye makovu hazikuota, lakini kwingine zikaota ndefu, nyeupe, nzito. Wifi akazisifu. Mbega akazikusanya mkononi, akalia, maana hapakuwa na wa kuzishika.

Basi, wanangu, nywele zikikutoka, jua kwanza kilichozitoa, ndipo utafute dawa. Na anayekujua akikwambia subiri, subiri. Aibu ya watu hupita. Kuna kinachopotea kisirudi.

Ngano yangu nailaza hapa. Kama mmeona utamu, gawaneni. Uchungu wake niachieni mimi.