Mzinga wa Nyegere na Simbi za Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo zamani za kale palikuwa na Nyegere. Nasema Nyegere, si Nguchiro, wengi huwachanganya. Zamani hizo, mnyama akitaka asali alipasua mti, na nyuki wakafa. Nyegere akachonga mzinga wenye mfuniko. Unafunua, unarina, unafunika. Nyuki wanabaki.

Kila mnyama akautaka. Nyegere akaenda bwawani kwa Kiboko, mtunza simbi, zile kauri za kununulia vitu.

"Mzee Kiboko, nikopeshe simbi ishirini, ninunue magogo, nichonge mizinga."

"Sitoi hata moja. Mwaka jana nilizimwaga, bei zikapanda mara kumi. Mwaka huu nimezikalia."

"Umezikalia zote?"

"Zote." Akazama. Bubububu!

Fisi alikuwa na simbi zake mwenyewe. Akauiga mzinga, akachonga mia, akatia alama yake. "Mzinga wa Fisi! Mzinga wa Fisi!"

Nyegere akashtaki. Mfalme Tembo akaitisha baraza pale pale bwawani. Fisi akacheka.

"Bwana mdogo, nani kakupa miliki ya kigogo?"

"Kigogo si changu. Akili iliyomo ni yangu. Haya, ndani umepaka nini ili nyuki waingie?"

"Asali! Tele!"

Nyegere akafunua mzinga wa Fisi. Siafu! Wakamiminika, wakampanda Fisi miguuni, wakapanda na mkia. Fisi akaruka, akatimua mbio. Uuu-wiii!

"Hupakwa nta kuukuu," akasema Nyegere. "Nta huita nyuki. Asali huita siafu."

Tembo akaamua: "Kwa mavuno matano, atakayeuchonga mzinga huu amlipe Nyegere. Baadaye ni wa wote."

Wanyama wakashangilia. Nyegere hakuondoka.

"Bado. Nimepewa haki, lakini nitachonga kwa simbi zipi? Kiboko, inuka!"

"Unaniamrisha mimi?"

"Wewe. Siondoki hapa mpaka uinuke."

Akakaa kitako. Jua likapanda, Nyegere yupo. Wanyama wakaketi naye, mmoja mmoja. "Inuka! Inuka!"

Kiboko akainuka, matope yakimtiririka, tii, tii, tii. Akatoa simbi ishirini. Si mia. Ishirini za kazi. Mizinga ikaenea, asali ikajaa, bei ikashuka.

Watoto, na ninyi wazazi: mbunifu alindwe, lakini si milele. Na fedha itoke kwa kipimo cha kazi. Anayeimwaga hupandisha bei. Anayeikalia huua kazi, naye aambiwe inuka.

Hadithi yangu naifunika hapo, kama mzinga.