Pimbi Alivyolikata Jina la Kiboko

Wenzangu, masikio yapo?
— Yapo!
Yana nta?
— Tumeyachokonoa!
Basi tegeni, namimina.

Jua liliwaka hata mito ikabaki mchanga mtupu. Likasalia dimbwi moja tu, na ndani yake kalala Kiboko, tumbo huku, tumbo kule. Akatangaza:

"Tangu leo naitwa Asiyenyang'anyika, yaani hakuna wa kunipora. Atakayelitamka jina langu bila kujikwaa, anywe. Atakayejikwaa, arudi na kiu yake!"

Akaja Nyati, du! du! du! "Asiye... nya... nyanya!"

"Nyanya kapikie mchuzi! Rudi!"

Akaja Fisi, chwata! chwata! "Asiyenya!" Akakwama hapo hapo. Wanyama wakaziba midomo wasicheke.

"Mimi sinyi? Rudi!"

Akaja Pimbi, mama wa watoto watatu. Naye akajikwaa, akarudi. Alipofika pangoni akawakuta wanawe ndimi zimekauka, hata kulia hawawezi. Moyo ukamuuma. Akaokota mawe.

"Jina refu ni kama nyoka," akasema. "Halimezwi zima, hukatwa vipande."

Akayapanga chini, akayagonga moja moja. A, ko! Si, ko! Ye, ko! Nya, ko! Ng'a, ko! Nyi, ko! Ka, ko! Mawe saba. Akagonga, akarudia, hata ulimi ukalainika. Kisha akalitazama lile jiwe la pili. "Mh! Haka ka 'si' ndiko kanakobeba jina lote. Kakitoka haka, kakaingia 'na'..." Akacheka, kwi kwi kwi! Akaenda kuwanong'oneza wenzake.

Asubuhi wakateremka wote dimbwini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, kipande cha panya. Umekuja kujikwaa tena?"

"La, babu. Ila wapo wasemao hata wewe huwezi kulisema jina lako mara saba mfululizo."

"Mimi? Jina langu mwenyewe? Nikijikwaa, nahama!"

"Wenzangu, mmesikia?"

"Tumesikia!"

"Basi babu, mkubwa hajitaji kimya kimya. Tukupigie sifa. Ana nguvu!"

"Ana!" wakaitikia wanyama.

"Ana meno!"

"Ana!"

"Ana tumbo!"

"Ana!"

Kichwa kikamvimba Kiboko. "Asiyenyang'anyika! Asiyenyang'anyika!" Akatikisa tumbo kufuata mdundo, chubwi! chubwi! Ana nguvu! Ana! Ana meno! Ana! Mara ya tano akapita. Mara ya sita akapita. Ya saba akafumba macho kwa utamu, akanguruma:

"Anayenyang'anyika!"

"Babu," akasema Pimbi kwa adabu, "anayenyang'anyika ni yule anayeporeka. Umesema mwenyewe."

Kiboko akatoka majini, akaondoka zake, ngu, ngu, ngu, asigeuke nyuma.

Wanyama wakanywa. Watoto wa Pimbi wakanywa, glu glu glu, hata matumbo yakawa ngoma. Yule mdogo kabisa akainua uso, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Mama, nipe neno jingine refu."

Ngano yangu imeishia hapo. Iliyo tamu mezeni, iliyo chungu nirudishieni.

Na funzo lake, wanangu: neno refu hukatwa silabi kwa silabi, na mkubwa apendaye sifa hujiponza kwa ulimi wake.